Je, ipo dawa ya mkojo unaotoka wakati wa kukohoa?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 47 na nimejifungua mara nne. Nikikohoa, nikicheka au nikijitwika ndoo ya maji, mkojo hunitoka kidogo, na sasa naona aibu hata kwenda msibani. Duka la dawa walinipa vidonge vya oksibutinini. Kinywa kilikauka, lakini mkojo haukukoma. Je, ipo dawa itakayonifaa? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Pole sana, mama. Vidonge ulivyopewa hutuliza kibofu kinachojikaza ovyo, yaani humfaa mtu anayebanwa ghafla akashindwa kufika chooni, ilhali maelezo yako yanaonyesha kwamba misuli ya sakafu ya nyonga na ile inayofunga njia ya mkojo imelegea, hivyo tumbo likikaza kwa kikohozi au kwa mzigo, mkojo hupenya.

Dawa inayotajwa zaidi kwa hali hiyo ni duloksetini, ambayo hutumika pia kutibu sonona. Huongeza nguvu ya ujumbe unaotoka kwenye uti wa mgongo kwenda kwa misuli inayofunga njia ya mkojo. Umoja wa Ulaya uliiidhinisha mwaka 2004 kwa wanawake, kwa kawaida miligramu 40 mara mbili kwa siku; Marekani haikuidhinishwa kwa kazi hii, kwani mwaka 2005 kampuni husika iliondoa ombi lake. Hupunguza mara za kuvuja, lakini wanaopona kabisa ni wachache, na wengi huiacha kwa sababu ya kichefuchefu. Haimfai mwenye ugonjwa wa ini, haikatizwi ghafla, na kwa kuwa baadhi ya watu hupata mawazo ya kujidhuru wakiitumia, sikubaliani kabisa na kuinunua bila kuandikiwa na daktari.

Ningependa uanze na mazoezi. Kaza misuli kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, kisha iachie. Fanya hivyo angalau mara 8, mara tatu kwa siku, kwa miezi 3 bila kukatisha. Wengi hukata tamaa mapema mno, kabla misuli haijapata nguvu.

Tena, unatumia dawa za shinikizo la damu? Prazosini na doksazosini hulegeza njia ya mkojo, na kaptoprili au enalaprili huweza kuleta kikohozi kikavu kinachozidisha kuvuja. Usiziache mwenyewe, mweleze daktari aone kama zinaweza kubadilishwa. Ikiwa hedhi imekoma na uke ni mkavu, krimu ya estrojeni (homoni ya kike) ya kupaka ukeni yaweza kusaidia, ila vidonge vya estrojeni vya kumeza vimeonekana kuzidisha tatizo.

Mazoezi yasipotosha, upasuaji upo. Lakini kwanza nenda ukapimwe mkojo na kuchunguzwa nyonga, na iwapo mkojo hutiririka mchana na usiku bila hata kukohoa, mwambie daktari mapema, kwa sababu hiyo huenda ikawa fistula, yaani tundu kati ya njia ya mkojo na uke, ambayo mazoezi na vidonge hivi haviwezi kuiziba.