Tamu ya mtu mmoja, bila oveni wala tufaha

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni msichana, nimepanga chumba Shella, Malindi, naishi peke yangu. Kwenye simu kila nikifungua naona Wazungu wakioka matufaha katika kibakuli cha mtu mmoja, juu wametia chengachenga za unga na siagi. Wanasema ndicho chakula chao baridi inapoanza na majani yakipukutika. Roho yangu imeshikwa! Lakini oveni sina, nina jiko la makaa na mtungi mdogo wa gesi, na bei ya matufaha sokoni inaumiza. Tena mapishi yote ninayoyapata ni ya kulisha watu wanane. Nifanyeje?
— Mpangaji, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Matufaha yaache yalipo. Ulaya na Marekani yanachumwa Septemba na Oktoba, ndiyo maana yanaokwa wakati huo: yamejaa na ni rahisi. Haya ya kwetu mengi hutoka Afrika Kusini, na ni ya kutafunwa mabichi, utamu mtupu. Waingereza wenyewe kwa kupika wana tufaha lao chachu, Bramley, ambalo hapa hulioni. Uko Malindi, Novemba imeingia, maembe yanaanza kushuka. Oka embe.

Tafuta ngowe, lile refu lenye mdomo uliopinda. Mimi sibadilishi, kwa kuwa halina nyuzi. Dodo litakuacha ukichokoa meno usiku kucha. Liwe limepea, limeanza kugeuka rangi, lakini ukilibonyeza bado likatae. Likishalainika hutoa maji mengi, na chengachenga zako zitageuka uji. Nusu yake yatosha. Nusu ya pili uile na chumvi na pilipili huku ukingoja.

Likate vipande vya kiasi cha ncha ya kidole, utie kijiko kimoja cha sukari, ndimu kidogo, mdalasini wa kubana kwa vidole viwili na hiliki mbili ulizozitwanga sasa hivi. Hiliki ya unga ya pakiti sina la kusema juu yake. Panga vipande katika kibakuli cha bati au cha udongo, kijae robo tatu.

Sasa nazi. Ikune nusu moja, kamua tui la kwanza uliweke kando, na chicha usiitupe. Chukua vijiko viwili vya chicha, vikaange vikavu kwenye kikaango mpaka vinukie na vianze kuwa rangi ya dhahabu. Vikipoa, changanya na vijiko vitatu vya unga wa ngano, kimoja cha sukari, chumvi chembe, na kijiko kimoja cha siagi baridi au samli iliyoganda. Sugua kwa ncha za vidole, si kwa kiganja, maana kiganja kina joto na kitayeyusha mafuta. Ukiona chenga kubwa na ndogo zimechanganyika, acha hapo hapo. Mwaga juu ya embe bila kushindilia.

Moto ni ule ule wa mkate wa sinia: juu na chini. Tia sufuria pana jikoni, ndani weka vigae vitatu, funika, ipate joto kwanza. Weka kibakuli juu ya vigae, kisha palia makaa juu ya mfuniko. Makaa mengi yawe juu, chini machache tu, kwa sababu embe linataka kuiva polepole na unga unataka kukauka. Mfuniko wenye kishikio cha plastiki usiutumie. Dakika 25 hivi, chungulia: pembeni pawe panatokota, juu pawe pekundu. Na jiko hilo liwe nje uani, mwanangu. Usilifungie chumbani hata mvua ikinyesha. Hewa ya makaa haina harufu na inaua.

Mvua ikikuzuia kutoka, tumia gesi: pika embe katika kisufuria, kaanga chengachenga peke yake, uzimwage juu wakati wa kula. Si kuoka, lakini nimekula na sikulalamika.

Wenzetu humwagia krimu au kastadi. Wewe lile tui lipashe moto na sukari kidogo, koroga lisikatike, limwagie likiwa vuguvugu.

SWALI: Shangazi, na siku za kusi ambapo maembe hayapatikani?
— Mama wa watatu, Langoni, Lamu

JIBU: Nanasi, dada, lakini lichemshe kwanza na sukari mpaka maji yakauke. Papai usijaribu, halina uchachu na moto hulilegeza.