Daftari la waashi: ushauri kwa vyama vya mafundi wa nyumba

Mwenye nyumba mmoja wa Mkomani, mtaa wa mji wetu wa Lamu, alituita tukamkarabatie nyumba ya babu yake. Kabla ya kutaja bei aliuliza swali moja: "Nyumba gani za mawe mmezishika, na leo zikoje?" Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa chama chetu cha mafundi wa ujenzi hapa Lamu. Nilifungua kabati nikatoa tulichokuwa nacho: daftari la michango ya mazishi, vitabu vya risiti, na kumbukumbu za vikao zilizoliwa na mchwa nusu nzima. Hapakuwa na ukurasa uliotaja nyumba hata moja. Kazi wakapewa wengine. Nilirudi nyumbani na uchungu, maana katika chama chetu wapo wazee walioshika mwiko tangu hawajaota ndevu, na sikuwa na cha kuonyesha.

Tangu siku ile nakusanya historia ya chama chetu, nyumba kwa nyumba. Ikiwa nawe uko kwenye chama cha mafundi, Malindi au Pate au popote, nakusihi uanze sasa.

Usianze na mwaka. Nilimwuliza mzee mmoja chama kilianza lini. Alichotaja, mwenzake alikikataa papo hapo, wakabishana mpaka adhana ya alasiri. Siku ya pili nikageuza swali: mlikuwa mkijenga nyumba ya nani mlipokaa kikao cha kwanza? Hapo walifunguka. Walikumbuka mwenye nyumba, walikumbuka punda aliyeanguka na shehena ya mawe, walikumbuka kwamba gereza lilikuwa limeshaondoka katika ngome ya Lamu. Gereza liliondoka 1984, kwa hiyo nikapata pa kuanzia. Vipimo vingine vya namna hiyo vimenisaidia sana: mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997, mji kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO 2001, bahari ilipochafuka kwa tsunami Desemba 2004. Mwulize fundi kazi fulani ilikuwa kabla au baada ya mojawapo, na atakujibu bila kusita.

La pili, mtoe mzee barazani, nenda naye penye ukuta. Akiwa ameketi, fundi husema "tulijenga vizuri". Akiushika ukuta, husema mambo yenyewe. Kuna ami mmoja aliyenishika mkono kwenye kichochoro cha Langoni akaniambia, "Ndoo utizame kwa mato yako, mwanangu," yaani njoo utazame kwa macho yako. Alikwaruza lipu kwa ukucha, ikatoka punje nyeusi ndogo kama mbegu ya ufuta. Mkaa. Chokaa ile ilichomwa kwa kuni, matumbawe yakipangwa juu ya magogo, na vipande vya mkaa vikabaki ndani yake. Akanieleza walivyoimwagia maji, wakaiacha ilale miezi ipoe kabla ya kuchanganywa na mchanga, na jinsi msimamizi alivyomfukuza kibarua aliyeharakisha. Kisha akapiga hatua tatu ndani ya chumba, akaonyesha dari: boriti za mikoko haziendi mbali, ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, upana wake kama mita 3 hivi. Niliandika yote nimesimama, daftari juu ya goti.

Mtaa ule ule kuna ukuta mwingine, na huo ni wa kwetu. Wanachama wetu waliupiga lipu ya saruji kwa sababu ilikauka upesi na mwenye nyumba alikuwa na haraka. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Saruji iliufungia njia. Chumvi ikajikusanya nyuma ya lipu, ikaisukuma, vibamba vikaanguka na ngozi ya jiwe. Kwenye kikao wengine walitaka tusiliandike hilo. Nilikataa, na bado nakataa. Fundi kijana anayesoma daftari letu ataokoa nyumba zaidi kwa kulijua kosa hilo kuliko kwa sifa zetu zote.

Mtakutana pia na ugomvi wa nani mwanzilishi. Msipige kura. Andikeni kila mmoja alivyosimulia, chini ya jina lake, mwendelee.

Nilichochelewa kukiona ni hiki: chama huandika habari za waliolipa ada tu. Lakini nyumba ya Lamu haijengwi na waashi peke yao. Kuna wachimba mawe wa Maweni kule Manda, wanaolivunja jiwe kwa mikono. Kuna wenye mashua wanaolivusha, wenye punda wanaolifikisha mlangoni, wakata mikoko, kina mama wanaoshona makuti. Serikali ilipozuia ukataji wa miti mwaka 2018, ni wakata mikoko walioumia mwanzo, kisha sisi tukakosa boriti. Hawamo kwenye kumbukumbu zetu zozote za zamani. Nimeanza kuwafuata, na wao ndio wanaokumbuka bei.

Makaratasi nayo yana kazi yake. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10 na katiba. Na tangu sheria ya 2011 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, mafundi nao wanatakiwa kutambuliwa rasmi. Hifadhi vyeti, nakala moja kwa mwenyekiti, moja kwa mweka hazina, na picha kwenye simu za watu wawili zaidi. Mchwa hawajui cheo.

Daftari letu sasa lina nyumba 31. Kila nyumba ina mtaa wake, fundi mkuu, wanagenzi wake, chokaa ilitoka wapi, na hali yake leo. Jumamosi hii naenda Shela kwa mwashi aliyeacha kazi kwa sababu ya macho. Ameniambia nifike mapema, jua likiwa bado linapiga ukuta kwa ubavu, kwa kuwa wakati huo ndipo kila kiraka kilichowahi kuzibwa huonekana, na yeye ataninyooshea kidole kimoja kimoja aniambie ni mkono wa nani.