Kinga ya rangi ya gari hushika pale uliposafisha

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wenye magari ni hili: kati ya kinga tatu zinazopakwa juu ya rangi, yaani nta, silanti na seramiki, ipi inadumu? Nami huwauliza kwanza rangi iliandaliwaje kabla ya kinga kupakwa. Kinga ya bei mbaya ikipakwa juu ya mafuta itashika mafuta, na siku mafuta yakiondoka nayo inaondoka. Nimeona seramiki nzuri ikikata tamaa ndani ya muda mfupi kwa sababu hiyo tu.

Magari mengi ya sasa yana rangi yenyewe, kisha juu yake tabaka la klia lisilo na rangi, ambalo kwa kawaida lina unene wa mikroni 40 hadi 60 hivi (mikroni 1,000 ni milimita moja). Kinga yoyote unayopaka inakaa juu ya klia hiyo. Nta ya karnauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya mchikichi unaoota Brazili, haiungani na klia kikemikali. Inajilaza tu juu yake na kujishikiza kwenye vijitundu na mikwaruzo midogo. Jua kali huilainisha, sabuni kali huing'oa. Inang'aa vizuri sana, lakini usiitegemee kwa muda mrefu.

Silanti ni polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo, za kutengenezwa kiwandani. Nyingi zina silikoni zenye sehemu za amino (vikundi vyenye nitrojeni) ambazo huvutwa na uso wa rangi, na zikikauka molekuli zake hushikana zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo ipe nafasi ikauke sawasawa kabla ya kuipitishia maji.

Seramiki ndiyo inayokwenda mbali zaidi. Dawa yake ya majimaji ikikutana na unyevu wa hewani hubadilika: hujitokeza vikundi vya silanoli, yaani sehemu za molekuli zilizo tayari kushika, ambavyo huungana na vikundi vya hidroksili (oksijeni na hidrojeni zilizoshikamana) vilivyopo juu ya klia, huku vikiungana pia vyenyewe kuwa wavu mgumu wa silika, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga na kioo. Wavu huo hautoki kwa kuoshwa. Ukitaka kuuondoa, mara nyingi itabidi uusugue kwa polishi. Ila kuna sharti: dawa iguse klia. Kikiwepo kitu katikati, hata kiwe chembamba kiasi gani, hakuna muungano.

Ndiyo maana muda wangu mwingi huishia kwenye maandalizi. Baada ya kuosha na kukausha, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upitishe vidole taratibu juu ya boneti. Mkono mtupu unaweza kukwambia pako safi. Mfuko utakuonyesha chembechembe zinazokwaruza kama msasa. Nyingi ni vumbi la chuma kutoka kwenye breki, lililojichomeka ndani ya klia. Pulizia dawa ya kuondoa chuma, nawe utaona michirizi ya zambarau ikitiririka mlangoni na nyuma ya magurudumu. Suuza, kisha pitisha udongo wa kusafishia rangi ukiwa na kilainishi cha kutosha, maana udongo mkavu huchora rangi.

Ukipiga polishi, usidanganyike na mng'ao. Polishi nyingi huacha mafuta, na mafuta hayo huziba mikwaruzo na kuziba njia ya kinga pia. Futa kwa alkoholi ya isopropili iliyozimuliwa, sehemu kwa sehemu, ukigeuza kitambaa cha maikrofaiba mara kwa mara ili usirudishe ulichokiondoa. Na gari likiwa limetoka kupakwa rangi upya, muulize fundi wa rangi usubiri kiasi gani; vimumunyisho, yaani vimiminika vilivyoyeyushia rangi, bado vinatoka, si vizuri kuvifungia ndani.

Wakati wa kupaka, gari liwe kivulini na bodi iwe ya baridi. Paka sehemu ndogo, uitazame kwa taa ya pembeni. Seramiki ikianza kuonyesha rangi za upinde wa mvua, ndipo inapoelekea kushika. Fuata muda ulioandikwa kwenye chupa, kwa sababu joto na unyevu huubadilisha sana. Ukichelewa kufuta, inaganda na kuacha mabaka, na kuyatoa ni kazi ya polishi tena.

Jambo jingine ni maandishi ya 9H kwenye makopo. Hicho ni kipimo cha ugumu kwa kutumia penseli, wala hakimaanishi kwamba jiwe halitachora gari lako. Vilevile matone ya maji kujikunja juu ya rangi si ushahidi tosha kwamba kinga ipo. Uchafu ukilala juu ya seramiki maji hutanda, na baada ya kuosha vizuri matone hurudi. Osha kwanza, ndipo uamue kama imeisha.

Nikishamaliza huliacha gari ndani usiku kucha, mbali na umande, na kwa wiki ya kwanza sitii sabuni. Kinyesi cha ndege kikiangukia, nakitoa mara moja kwa maji safi na kitambaa laini, bila kusugua.