Muulize Mhandisi: Kijana anataka kuacha migodi aende benki

SWALI: Mulembe, mhandisi. Mwanangu yuko mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Taita Taveta, anasomea uhandisi wa madini. Likizo hii amerudi na wazo la kuhamia kozi ya fedha. Ananitajia Mmarekani mmoja, Chester Beatty, eti alitajirika alipoachana na migodi. Mimi nauza mboga, na karo nimeilipa kwa shida. Nimwambie nini? – Mama, Ikolomani, Kakamega

JIBU: Mulembe, mama. Kijana amesikia nusu ya habari. Alfred Chester Beatty alizaliwa New York mwaka 1875, akasomea migodi Chuo Kikuu cha Columbia, akahitimu 1898. Alihitimu kwanza, mwambie! Kisha akaenda Colorado akaanzia chini kabisa, kuzoa mawe kwa sepetu. Baadaye kazi yake ikawa kukagua migodi kabla wenye pesa hawajainunua: mwamba una madini kiasi gani, kuyatoa kutagharimu nini, yatasafirishwaje. Familia ya Guggenheim, matajiri wa migodi Marekani, ilimwajiri kwa ujuzi huo.

Hata alipoanzisha kampuni ya migodi ya Selection Trust, London, mwaka 1914, mtaji wake mkubwa ulikuwa kuyajua mawe. Chukua shaba ya Roan Antelope, Luanshya, Zambia ya leo. Karibu na uso wa ardhi ilionekana hafifu. Walipotoboa chini zaidi, miaka ya 1920, wakakuta mwamba wa salfaidi, yaani madini yaliyoungana na salfa, uliojaa shaba. Karani wa benki angefunga faili mapema.

Utajiri huo ulifadhili utafiti wa saratani London. Maktaba yake ya maandishi ya kale aliwaachia wananchi wa Ireland. Iko Dublin, na ndani yake mna barua za Paulo kwenye mafunjo ya karne za mwanzo na Kurani iliyoandikwa Baghdad na Ibn al-Bawwab. Alipofariki 1968, Ireland ilimzika kwa heshima za kitaifa. Ukarimu wake naukubali. Ila shaba ilitoka Luanshya, na hazina iko Dublin. Wazee wenu husimulia jinsi serikali ya kikoloni ilivyobadilisha sheria ya ardhi mwaka 1932 ili dhahabu ya Kakamega ichimbwe. Sheria ya Madini ya 2016 inatenga asilimia 10 ya mrabaha, yaani malipo ambayo mwenye mgodi huilipa serikali kwa madini anayoyatoa, kwa jamii ya eneo la mgodi. Nani kijijini anaweza kukagua hesabu hiyo? Mwanao, akimaliza.

Kwa hivyo abaki. Fedha ataisomea baada ya digrii, na benki inayokopesha mgodi itamhitaji mtu anayeweza kuisoma ripoti ya mwamba na kuitilia shaka.

SWALI: Sisi vijana wa Rosterman tunasaga mawe ya dhahabu. Tukijifunga leso puani, inatosha?

JIBU: Haitoshi, wajukuu zangu. Vumbi linaloua ni laini kuliko mnaloliona, linapita kwenye leso. Beatty mwenyewe aliugua mapafu kwa vumbi la migodi, na pesa zote zile hazikumponya. Lowesheni mawe kabla ya kusaga, na nunueni barakoa za kuchuja vumbi. Mkikohoa wiki mbili nendeni hospitali mkapigwe picha ya kifua, na mumweleze daktari kazi mnayofanya, maana ugonjwa huu wa vumbi hufanana na kifua kikuu na tena hukikaribisha.