Mkuu, usitume hizo traki zinazofifia mwisho

Mkuu, SIMAMA kwanza. Umesema una traki 20 za ala tupu, marimba na ngoma za Pwani, kila moja dakika tatu na nusu, "zinafifia taratibu mwishoni kama redioni", na Jumatatu unazipeleka kwenye maktaba ya muziki ili wenye matangazo na makala za video wazichukue. Nimefika kwenye "zinafifia" tumbo likanikata, maana hapo hapo ndipo nilipoliwa mimi. Maswali yako mengine yasubiri.

Kuna jamaa wa kozi ya mtandaoni, tena ya kulipia, anayewaambia watu "fifisha sekunde 10 za mwisho, inasikika kitaalamu". Huyo hajawahi kukaa mgongoni mwa mhariri wa video hata nusu saa. Ada yangu kala, na bando la kumtazama nililipa mimi.

Mhariri anafanya hivi. Ana tukio la sekunde 47. Traki yako hailingani na urefu huo, kwa hiyo anachukua kipande cha mwanzo, anachukua kipande cha mwisho, anakibandika cha mwisho pale picha inapoisha, halafu anatafuta mahali pa kuviungia katikati. Kazi ya dakika mbili. Sasa akija kwenye yako, mwisho hakuna. Kuna moshi tu. Kufifisha ni kitu anachoweza kukifanya mwenyewe kwa kuburuta kipanya cha kompyuta, ila pigo la kumalizia hawezi kukutungia. Anafunga faili lako, anafungua la mwenzako.

Ubaya zaidi ni gharama ya kurekebisha. Maktaba nyingi hazitaki faili moja. Zinataka traki kamili, isiyo na melodi, ya ngoma na besi peke yake, ya sekunde 60, ya 30, ya 15, na kile kipande kifupi cha kufungia. Hayo ni mafaili 7. Zidisha kwa 20: mafaili 140, na yote yamerithi mwisho mbovu. Kama ulififisha kwenye chaneli kuu (ile inayobeba ala zote pamoja) na bado una mradi wenyewe kwenye programu, una bahati. Kama sempo (vile vipande vya sauti ulivyotungia) zimehama folda au ulibaki na WAV tu, yaani faili la sauti lililokwisha kuunganishwa, utatunga upya. Usiniulize nimejuaje.

Kanuni yangu ni moja tu: TUNGA MWISHO KWANZA. Kabla hata ya melodi.

Chukua BPM 120 (mapigo 120 kwa dakika), mapigo manne kwa baa (baa za muziki, za bia baadaye). Baa moja ni sekunde 2. Ukiweka pigo la mwisho kwenye pigo la kwanza la baa ya 61, linaanguka dakika 2:00 kamili. Ala zote zigonge pamoja, kodi ya nyumbani (zile noti za pamoja ambazo wimbo hutulia juu yake, si kodi ya TRA), halafu unyamaze na uache marimba na mwangwi vife vyenyewe, sekunde 2 au 3, mpaka kimya kabisa. Usikate mkia wa mwangwi ukidhani unasafisha. Ukikatwa unasikika kama umeme umekatika.

Ya sekunde 30 usiipime baa 15 kamili, kwa sababu mkia hautapata pa kukaa. Weka baa 4 za kufungua, 8 za kilele, 2 za kupanda, kisha pigo la mwisho juu ya baa ya 15, yaani sekunde ya 28. Unabaki na sekunde moja na nusu ya mkia na bado uko ndani ya 29.5.

Kwa chakacha ya 6/8 (mapigo madogo sita kwa baa, yaani makubwa mawili) hesabu inageuka. Pigo kubwa likienda 120, baa moja ni sekunde 1, lakini programu nyingi za kurekodia huhesabu robo noti, kwa hiyo utaandika 180. Ukiandika 120 ngoma itatembea kama imetoka kula ubwabwa wa harusi.

Mwisho ukishapatikana, katikati nayo ikatike. Kila baa 8 lete badiliko: kayamba iingie, besi itoke, chochote. Baa ya kwanza ya kila sehemu iwe na pigo la toazi au ngoma kubwa, maana hilo ndilo litakaloficha mshono wa mhariri. Melodi inayoanza nusu pigo kabla ya baa inaua mshono, kwani akikata hapo anakata kichwa cha noti. Kubadili tempo au kupandisha ufunguo katikati ni hivyo hivyo, kipande cha mwanzo hakitaungana na cha mwisho.

Dakika tatu na nusu ni nyingi, 2:00 hadi 2:30 inatosha. Utangulizi wa sekunde 30 wa kinanda kinachopumua, futa. Mood moja kwa traki. Faili la mwisho litoe kwa ubora wa sauti wa 48 kHz, biti 24.

Uliuliza pia kuhusu mkataba wa kipekee na maiki ya marimba, sivyo? Kwanza nenda kafungue traki namba moja leo usiku. Futa ile laini ya kufifisha, tafuta baa ambayo kodi inarudi nyumbani, nakili lile pigo, lipeleke baa ya 61 kama traki ni ya BPM 120. Kisha chukua sekunde 10 za mwanzo na 10 za mwisho, ziunganishe, zisikilize kwenye spika ya simu. Kama mshono unausikia, usitume.