Mato na macho

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza umnunulie mwanao zile herufi za plastiki za kubandika kwenye friji, au umkalishe na daftari umsomee imla kila jioni, maana mwalimu amelalamika kuwa anaandika "zahabu" na "ngombe".

Zile herufi nimeziona Marikiti. Pakiti ina 26, kila moja peke yake. Sasa Kiswahili utakiandikaje kwa a moja? Hata "baba" haitimii, na q na x zitakaa bure. Ukitaka kununua, nunua pakiti tatu, au okota vizibo vya soda kama nilivyookota mimi. Umevisahau?

Mimi sijavisahau, wala sijasahau kilichovileta. Ulikuwa darasa la pili, ukaandika insha ya kwenda sokoni: "Tulishika ndia, mama akateka," yaani njia, na akacheka, kwa Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa, akauliza mama aliteka nini, maji au mji. Wenzio wakaangua kicheko. Ukaja nyumbani na daftari limejaa wino mwekundu. Nami, badala ya kukukumbatia, nikakukalisha barazani uandike njia, macho, cheka, mara ishirini ishirini. Nyanyako alikuwa papo hapo juu ya mbuzi, akikuna nazi. Akasita, akaniuliza: "Kwani mimi miaka yote hii nanena makosa?" Sikumjibu. Mpaka amefariki sikumjibu.

Unajua nitakalosema, nimelisema sana: mtoto huandika anachosikia. Wewe uliandika sauti ya nyumbani kwenu, herufi kwa herufi. Mkutano uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulikaa hapa hapa Mombasa, mwaka 1928, na mshairi wetu Muyaka alikwisha tunga kwa Kimvita na kufariki zamani. Lakini mwalimu naye alikuwa na mtihani wa kukuvusha, hilo nalikubali. Kukucheka ndiko nisikokubali.

Ndipo nikabandika karatasi kwenye vizibo, pande zote mbili. Upande mmoja t, wa pili ch. Upande mmoja nd, wa pili nj. Nyanyako akitaja "mato", wewe unapanga m-a-t-o mkekani, kisha unageuza kizibo kimoja tu: macho. Ndia, geuza: njia. Siku ya tatu ukanogewa, akataja "mtoto", ukageuza vyote viwili. Mchocho! Nyanyako alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Wewe ukaduwaa, ukasema polepole: "Kumbe si zote." Hilo hakukufundisha mtu.

Basi huyo mjukuu wangu, kabla hujamshikisha kalamu, mshikishe koo. Aweke ulimi katikati ya meno aseme "dhahabu", kooni patatetema. Aseme "thamani", patatulia, pumzi tu. Nawe ujisikilize, maana kwenye simu nakusikia ukisema "zahabu" siku hizi, na nimesema, mtoto huandika anachosikia. Kisha aseme "ng'ombe" na "ngoma" kwa kufuatanisha, asikie ile g inayogonga kwenye ngoma tu. Ng' iandike na ritifaa yake, ile alama ya juu, kwenye kizibo kimoja, isipate kuachwa nyuma.

Imla si mbaya. Nilikuwa nikiichukia kwa ajili yako, lakini si mbaya, mradi iwe maneno matano, si hamsini. Na siku nyingine igeuzeni: yeye asome, wewe uandike, ukosee neno moja kusudi, alisake. Utaona atakavyolisaka.

Juu ya mwalimu wake sitii neno, simjui. Ila muulize mtoto kama darasani anachekwa. Muulize leo.

Vizibo vyako ninavyo, kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Karatasi zimebanduka chache, nitazigandisha upya kisha nimpe mtu wa kuja Nairobi.

Mamako