Mnaoanza kupima saratani ya utumbo mpana, anzieni kwenye fomalini

Wadogo zangu mnaoingia maabara ya patholojia, wengi wenu mnafika mkiwa na majina ya jeni kichwani: KRAS, NRAS, BRAF. Vizuri. Lakini majibu ya vipimo hivyo huharibikia chumba cha upasuaji, kabla nyama haijafika mezani kwenu.

Utumbo uliokatwa Arua Ijumaa, ukashindiliwa kwenye kopo dogo na kupandishwa basi la Kampala, unaweza kuoza ndani ingawa nje umekakamaa. Fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, hupenya polepole, takriban milimita 1 kwa saa. Kwa hiyo zungumzeni na wauguzi mapema: utumbo upasuliwe kwa urefu, usafishwe kinyesi, uwekwe kwenye fomalini ya asilimia 10 yenye bafa (chumvi za kuzuia asidi), ujazo wake mara 10 ya nyama yenyewe. Ukae humo saa 6 hadi 72. Fomu ionyeshe saa ulipokatwa na saa ulipotiwa fomalini. Fomu isiyo na saa hizo mimi huirudisha.

Kama pesa ya mgonjwa inatosha kipimo kimoja tu, mimi ningechagua protini nne za kurekebisha DNA: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Slaidi za kawaida na kingamwili zinazoipaka protini rangi zinatosha, wala hamhitaji mashine ya kusoma jeni. Mgonjwa wa hatua ya pili aliyepoteza protini hizo mara nyingi hahitaji kemotherapi baada ya upasuaji. Kama saratani imeshasambaa, dawa za kuamsha kinga kama pembrolizumab zinaweza kumfaa sana.

Hapa ndipo nawaomba msiharakishe. Kabla ya kuandika kwamba protini imepotea, tazameni limfosaiti (chembe nyeupe za kinga) zilizo kando ya uvimbe. Viini vyake lazima viwe na rangi ya kahawia. Visipokuwa nayo, hamna jibu bado. Rangi imeshindwa kushika, na mara nyingi chanzo ni ile fomalini. MLH1 ikipotea, PMS2 huondoka nayo, kwa sababu haidumu bila mwenzake. Hapo pimeni BRAF V600E, badiliko moja kwenye jeni ya BRAF. Ikiwepo, karibu hakika si saratani ya kurithi. Isipokuwepo, ugonjwa wa Lynch, hali ya kurithi inayoleta saratani ya utumbo, unabaki kwenye hesabu, na ndugu wa mgonjwa wanastahili kuambiwa.

KRAS na NRAS zipimwe kabla familia haijauza ng'ombe kununua dawa za saratani za cetuximab au panitumumab. Karibu wagonjwa 4 kati ya 10 wana mabadiliko kwenye KRAS, na hao dawa hizo zikitolewa peke yake haziwasaidii. Hili linaniuma kila ninapoona risiti imetangulia kipimo.

CEA, protini inayopimwa kwenye damu, haigundui saratani, na kwa wavuta sigara hupanda hata bila ugonjwa. Ichukuliwe kabla ya upasuaji, ili baadaye kuwe na cha kulinganisha.

Bloku za nta ya parafini zenye nyama ya mgonjwa msizitupe. Namba ya bloku iandikwe kwenye kadi ya mgonjwa mwenyewe, maana huenda akatibiwa hospitali ya Mulago leo na ya Mbarara mwakani, na daktari wa huko ataitafuta.